Gari Lililooshwa kwa Ndoo

Jumapili iliyopita nililikuta gari letu Matema, mbele ya nyumba ya wageni, maharusi wameliegemea wanapigwa picha. Limepakwa rangi nyekundu, lina mistari miwili myeusi juu ya boneti, taa nne mbele na rimu zinazong'aa. Nisingelitambua, ndugu yangu, kama si herufi ya jina langu kwenye kona ya kioo cha nyuma, niliyoikwaruza kwa msumari nikiwa darasa la pili, nikachapwa. Nilinyoosha kidole niiguse. Mlinzi akanizuia kwa adabu.

"Mama, usiguse. Hili ni la michezo, yalikuja machache sana."

Nikamwambia sawa. Nilikuwa nimechoka, na hata nisingechoka, ningeanzia wapi?

La michezo! Lile lilikuwa la kawaida kuliko yote. Kiwanda kiliyatengeneza kwa namna mbili, na baba, karani wa ushirika wa mazao kule Ikolo, alipata ile ya chini: rangi ya maziwa, vioo vya kuzungusha kwa mkono, na pale redio ilipotakiwa kukaa kulikuwa na kifuniko cha plastiki, nyuma yake mama alihifadhi sindano zake. Sakafuni hakukuwa na zulia. Kulikuwa na mpira mweusi wenye mifereji, basi.

Jirani yetu, mwalimu mkuu, alikuwa na lile jingine. Bodi ileile, ila taa nne, mistari, redio, na zulia jekundu. Ukipanda unavua viatu, unavipakata. Tulilipenda hadi kuumwa. Tukilalamika kwamba letu linatutia aibu, baba alikuwa na jibu moja tu, "Letu linaoshwa kwa ndoo," halafu anaendelea kula ndizi zake kama vile hatupo.

Na kweli lilioshwa. Msimu wa kakao lilibeba magunia ya mbegu mbichi zinazochuruzika, na harufu ile ya uchachu ikatufuata mpaka kanisani. Wanawake wafinyanzi wa Matema walipanga vyungu vyao kiti cha nyuma, wakavishindilia majani makavu ya migomba, na sisi watoto tukabanwa kando ya ndoo ya mbasa, samaki wa ziwani. Mvua za Kyela kama huzijui, shukuru. Maji yaliingia ndani ya gari, baba akafungua milango, yakatoka. Jumamosi mimi nilimwaga maji, kaka akasugua kwa brashi. Niliichukia sana kazi ile.

Asubuhi moja mwalimu mkuu alikuja kwetu mbio, shati halijafungwa vifungo. Mkewe alikuwa ameshikwa na uchungu. Gari lake lilikuwa uani, zima, lina mafuta. Akaomba letu. Mama alimtazama tu, akaenda kuchukua khanga. Mtoto alizaliwa njiani, kabla hawajafika hospitali, na baba aliporudi akachota maji, akaosha mpira kama siku zote. Mwalimu mkuu alikuja kusema ndaga fijo, asante sana, akarudia na kurudia mpaka baba akaona haya.

Baba alipofariki, gari lilibaki nyuma ya nyumba, kuku wakatagia ndani. La mwalimu mkuu lilishanunuliwa zamani na mtu wa mjini, na mpaka leo linatunzwa kama yai. Kisha kaka akamleta mnunuzi, mpenzi wa magari ya zamani. Alilizunguka letu, akaligonga gonga, akasema atalichukua, ila atalivisha liwe la michezo. Nilimwomba alitengeneze lakini aliache lilivyo. Akacheka, wala si kwa ubaya.

"Dada, la kawaida nani atalitazama?"

Nilibishana naye kidogo. Mama ndiye aliyekata shauri. Kila masika alikuwa akiliangalia likizama kwenye tope, na alisema amechoka kumzika baba yetu kidogo kidogo. Mnunuzi akaanza kazi palepale: akang'oa ule mpira, akautupa migombani.

Nikuambie ukweli, si rangi nyekundu inayoniuma. Kinachoniuma ni kwamba yale ya fahari yamedumu kwa sababu yalihurumiwa. Ya kwetu yalibeba watu mpaka yakaisha, na moja lililobaki limevishwa nguo za mwenzake. Wajukuu wangu wakiuliza watu wa huku tulipanda nini, wataonyeshwa mistari myeusi. Nami nitakuwa pembeni nikisema hapana, hapana, na nani ataniamini?

Jioni ya Jumapili ile nilimkuta mama uani, anageuza kakao. Anaianika juu ya mpira uleule. Aliuokota siku ileile gari lilipoondoka. Nikamweleza kwamba nimeliona, limependeza. Akauliza bila kuinua kichwa.

"Watu wanalipanda?"

"Hapana, mama. Wanapiga nalo picha."

Akamalizia kuzoa mbegu zake kwenye ungo. Mpira ulibaki mtupu, unanata, unanuka uchachu wa zamani. Akaniambia uoshwe kabla giza halijaingia. Nikaenda kutafuta ndoo.