Koti Lililofuliwa

Juzi nililala kwenye gesti moja ya River Road, maana nikirudi Nairobi huwa sina pengine pa kuita kwangu. Nilikuwa nimenyeshewa, basi mama anayewafulia wageni akalichukua koti langu, na siku iliyofuata akanirudishia limekauka, limepigwa pasi, linanukia sabuni ya kipande. Nikalivaa. Nikashikilia ukuta pale pale kwenye ngazi. Usinicheke. Wako watu wanaoogopa nyoka. Mimi naogopa koti safi, na ngoja nikuambie kwa nini.

Nililelewa na nyanya, aliyemzaa mama, chini ya Kangemi, kule bondeni, kabla nyumba hazijateremka mpaka mtoni. Nyanya alikuwa ametoka Ukambani, na alifuga ng'ombe wa nyama. Ng'ombe wa kukamwa huzoea mkono wa mtu. Hawa wetu walizoea fimbo na sauti tu, na walikuwa na pembe. Dume alitengwa peke yake upande wa barabarani, akaachiliwa kwa majike wakati aliouchagua nyanya mwenyewe, ili ndama wote waje na mvua ya masika, nyasi zikiwa changa. "Ndama wa kiangazi huzaliwa na kaburi lake," alikuwa akisema.

Kwa hiyo shule ilipofungwa Aprili, wenzangu walifurahi, mimi nikaanza kuogopa. Niliogopa mbwa wa jaani waliofuata harufu ya damu. Niliogopa mitamba, wale wanaozaa mara ya kwanza, jinsi walivyozungusha macho. Niliogopa mguu mmoja wa ndama ukitokeza badala ya miwili, na kondo la nyuma likikataa kutoka. Kazi yangu ilikuwa kubeba gunia la kuwapangusia ndama na kopo la dawa ya kitovu. Hata leo nikisikia muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa aliyotupikia nyanya, ikitokota jikoni wakati wa mvua, huchungulia nje kwanza, ndipo njaa ije.

Nyanya alikuwa na koti moja la kijani, zito, la mitumba. Ndama wa kwanza akizaliwa nyanya alilivaa, na halikuguswa na maji mpaka ndama wa mwisho asimame. Lilishika ute, samadi na moshi. Ng'ombe walilijua kabla hawajamwona aliyelivaa. Aliyezaa hujua kwa pua, alisema nyanya. Macho ni ya watu. Kwa sababu hiyo hiyo jirani yetu, mchinjaji aliyetoka Pwani, alikatazwa kuvuka ua wetu wa miiba ya kayaba msimu huo. Alinukia damu.

"Mama, na mimi si mtu?" alikuwa akimuuliza nyanya kutoka ng'ambo ya ua.

"Wewe unajua ng'ombe ikishakufa. Ngoja huko huko."

Mama yangu alifagia ofisi mjini na alikuja nyumbani mwisho wa wiki. Koti lile lilimwaibisha. Kanisani watu walisogea wakaacha nafasi kwenye benchi.

"Mama, siku moja hilo koti litaenda kanisani peke yake," alisema.

"Likifika, lipe kiti," nyanya akamjibu.

Jumapili moja, nyanya akiwa kwenye maombi ya akina mama, mama alilifua. Alilisugua, akalianika juu ya jiko, akalitundika msumarini pake, na Jumatatu alfajiri akarudi kazini. Nyanya alipolishika alinusa ukosi.

"Mtoto wangu ananipenda," alisema. "Amenivalisha mgeni."

Najua angelipaka samadi kwanza. Lakini mvua ilikuwa kubwa, kifua chake kilikuwa kibovu, na jirani alikuwa akiita kutoka ng'ambo ya kayaba: "Mama, mtamba mwekundu kazaa! Ndama kateleza mtaroni, maji yamfika puani!" Nyanya akavaa, akakimbia, na mimi nyuma yake na gunia.

Alimvuta ndama kwa miguu ya mbele, akamtoa ute puani kwa kidole, akamsugua kwa gunia mpaka akapiga chafya. Gunia akalirusha miguuni pangu. Mtamba alikuwa amesimama karibu, anatazama. Akaja. Akanusa mkono wa koti. Kisha akainamisha kichwa.

Alimbwaga nyanya chali, akamkandamiza kifuani kwa paji la uso, akimsukuma matopeni, pembe moja huku na nyingine huku. Nilifungua mdomo.

"Usipige kelele," nyanya alisema, sauti imebanwa. "Wala usikimbie."

Jirani alikuwa ameshapandisha mguu juu ya kayaba. "Niingie, mama?"

"Ukiingia na hiyo damu yako ataniua."

Akaurudisha mguu. Midomo yake ilikuwa ikisoma dua, na mikono ile iliyoangusha mafahali imeishika kayaba, miiba na yote.

"Gunia," nyanya alisema. "Nifunike."

Lilikuwa limelowa ute wa ndama, zito, mkono wangu wa kitoto haungeweza kulirusha. Ilibidi niende nalo. Nakumbuka pumzi ya mtamba, ya moto, shingoni mwangu. Nililitandaza juu ya kifua cha nyanya na uso wake, na pembe ikanipita karibu na sikio. Mtamba akanusa. Akatoa ule mlio wa chini, wa kooni, ambao ng'ombe humwekea mtoto wake tu. Akaanza kulilamba gunia. Alililamba polepole, akaulamba na mkono wa nyanya uliotokeza pembeni, nami nikasimama sijui kama tumepona, maana ulimi na pembe viko kwenye kichwa kimoja. Ndipo ndama akalia nyasini, na mama yake akageuka.

Nilimkokota nyanya mpaka kwenye kayaba, jirani akampokea. Hakutembea tena bila fimbo. Mama alipopata habari alikuja akilia, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Ulifua vizuri," nyanya alimwambia. "Hata doa la kunitambulisha hukubakisha."

Baadaye ng'ombe waliondoka mmoja mmoja, nyanya akarudishwa kwao Ukambani kuzikwa, na mimi nikaanza kutangatanga.

Siku ile ya gesti nilitoka River Road kwa miguu mpaka Kangemi, nikateremka bondeni. Ghorofa zimefika mtoni. Zizi la dume ni maegesho ya pikipiki. Mahali pa ule mtaro pana geti, na mlinzi akaniangalia kutoka viatu mpaka ukosi.

"Unatafuta nani, mzee?"

"Nilikuwa nakaa hapa."

"Hapa? Hapa hakuna mtu anakujua."

Hakusema kwa ubaya. Hata hivyo nikahisi ile pumzi ya moto shingoni, nikashuka mpaka kwenye maji. Niliinama, nikachota tope, nikalipaka mkono wa koti langu safi. Mlinzi, aliyekuwa amenifuata, akarudi nyuma. Nikanusa. Lilikuwa tope la maji machafu tu, halina ng'ombe hata mmoja ndani yake.