Msiba Mmoja kwa Muhula

Mwongozo wa kozi ulikuwa na kurasa thelathini na moja. Printa ya dukani kwa Yoramu ilizitoa mojamoja huku ikikohoa, na ilipofika ya ishirini wino ukapauka. Hizo kumi na moja za mwisho Eliona alizisoma kwa kuziinua dirishani, kama mtu anayekagua picha ya mfupa. Hakuna aliyemlazimisha kuzisoma zote, lakini mtu aliyefanya kazi zahanati miaka ishirini na miwili hapuuzi karatasi yenye neno "lazima", na mwongozo huu ulikuwa nalo mara tisini na nne. Alihesabu.

Eliona alikuwa mhudumu wa zahanati ya kijijini, huku juu Old Moshi. Mhudumu ni yule anayefunga vidonda, anayepima homa, anayeshika taa mkunga anaposhona; na siku mkunga yuko semina, mhudumu ndiye mkunga. Nusu ya watoto waliompa shikamoo njiani asubuhi aliwapokea kwa mikono yake mwenyewe. Cheti hakuwa nacho. Zamani serikali ilikuwa na upungufu wa watu, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Yalipokuja mageuzi, upungufu ukahamia kwenye karatasi, na Januari 2005 ikafika barua: mhudumu asiye na cheti ifikapo Juni atahamishiwa kitengo cha usafi. Zahanati ilikuwa imeshaletewa binti mwenye cheti, ambaye Eliona ndiye aliyemfundisha kusoma kipimajoto. Huyo ndiye angekuwa anamwonyesha pa kudeki.

Paroko akamtafutia njia. Kulikuwa na chuo kimoja ng'ambo, marafiki wa parokia, kilichotoa nafasi ya bure ya kusoma Biolojia ya Binadamu kwa intaneti. Wilaya ilikubali kwamba akifaulu somo hilo, gauni lake la bluu la uhudumu litabaki mwilini mwake. Asipofaulu, ufagio unamsubiri.

Chuo kilikuwa na matarajio. Kilimtarajia mwanafunzi awe na chumba kimya chenye mlango unaofungika, awe na kompyuta, na awe na kompyuta ya pili ikiwa ya kwanza itaharibika. Kukatika umeme hakukuwa udhuru, kwa sababu mwanafunzi makini hujiandaa. Kazi zote zilitakiwa kufika Jumapili saa sita kasoro dakika moja usiku, saa za kwao, ambayo kwa Moshi ni Jumatatu saa mbili kasoro dakika moja asubuhi. Yoramu alikuwa anafungua duka lake la intaneti saa mbili kamili. Eliona alimwomba afungue dakika tano kabla. Yoramu akamjibu kwa upole kwamba duka lina sera. Miaka ile kila mtu alikuwa na sera, hata muuza mitumba wa pale stendi alikuwa ameibandika yake ukutani.

Kila wiki mwanafunzi aliandika maneno mia na hamsini kwenye ukumbi wa majadiliano, kisha akawajibu wenzake wawili kwa heshima. Heshima Eliona aliijua. Aliwasalimu, akawauliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua, kama ng'ombe wanakamuliwa vizuri, na maneno mia na hamsini yakaisha kabla hajafika kwenye ini. Mwalimu akampunguzia alama na kumwandikia: tafadhali jikite kwenye ini.

Aliyefuatilia masomo hayo kuliko wote alikuwa baba mkwe wake, Mzee Kornel, mwenye miaka sabini na minane. Waliishi kihamba kimoja, shamba la ukoo, nyumba yake upande huu wa migomba na ya mzee upande ule. Mzee Kornel ndiye mkubwa wa ukoo na ndiye msimamizi wa machinjo. Mbuzi akianguka, yeye ndiye anayesema paja ni la nani na mbavu ni za nani, wala hakuna wa kumbishia. Kwa hiyo mtu anayetunga sheria za kurasa thelathini na moja alimwona kama mwenzake. Alasiri, Eliona akimenya ndizi za mtori, alimtafsiria ukurasa mmoja, na mzee alitikisa kichwa.

"Hawa watu wana mila," alisema.

Siku moja mwishoni mwa Januari mzee alivuka migomba akiwa amevaa buti za mpira, ingawa ilikuwa kiangazi na vumbi lilifika kwenye kifundo cha mguu.

"Shikamoo, baba. Buti za nini na jua hili?"

"Marahaba, Mama Aika. Zinanifaa. Nina neno nataka kukuambia, lakini maliza kwanza huo ukurasa wako."

Ulikuwa ukurasa wa ishirini na tatu. Eliona akauinua kwenye mwanga. Udhuru wa msiba, ulisema, ni mmoja kwa muhula, na uwe wa baba, mama, mume au mtoto, na cheti cha kifo kitumwe ndani ya siku tatu.

"Mmoja?" mzee akauliza.

"Mmoja, baba."

"Kwani huko watu wanakufa kwa zamu?" Akawaza kidogo. "Na mimi je, nimo?"

Eliona akapitisha kidole kwenye mistari iliyopauka, akarudia tena. "Baba mkwe hayumo."

"Basi sitakufa muhula huu. Na kuugua?"

"Kuugua ni kwa mwanafunzi mwenyewe tu. Kumuuguza mtu si udhuru."

"Haya. Wala sitaugua."

Wakacheka sana, mpaka Eliona akaangusha kisu kwenye beseni la ndizi. Mzee alipoinuka kuondoka ndipo akakumbuka kumuuliza lile neno. "Ni dogo," mzee akasema, "litasubiri." Akaondoka polepole, buti zikipiga kelele kila hatua.

Wiki ya tatu alikufa jirani. Jirani hakuwamo kwenye orodha, lakini Eliona angeuweka wapi uso wake? Alienda akaosha masufuria siku mbili, na jaribio la mifupa likaandikwa sifuri. Baada ya hapo hakuwa na alama za kuchezea. Ilibaki kazi ya vitendo, ambayo peke yake ilikuwa robo ya somo zima: kupasua moyo wa mnyama, kuonyesha vyumba vinne na vali zake, na kutuma picha nane. Moyo uwe mzima, haujaguswa na kisu. Mikono iwe ya mwanafunzi, na kitambulisho chake kiwe pembeni. Asiwepo mtu mwingine wa kumsaidia, wala wa kumtazama.

Mioyo ilikuwa tele Moshi mjini, lakini moyo wa bucha umeshakatwa na bwana afya anayetafuta minyoo. Alizunguka mabucha sita na kote akaonyeshwa mioyo yenye mihuri na mikato. Moyo mzima unapatikana nyumbani tu, na nyumbani mbuzi alikuwa anachinjwa Pasaka. Hapo ndipo sera zilipogongana. Kwa sheria ya ukoo ule, moyo ni wa mkubwa wa ukoo, na nyama haikatwi na mtu aliye peke yake. Enzi za babu mtu mmoja aliwahi kuachwa peke yake na nyama, ini likapotea, na ugomvi wake ukadumu mpaka Wajerumani wakaja na wakaondoka. Chuo kilisema usikate mbele ya mtu, ukoo ukasema usikate bila mtu.

Wanaume wa ukoo walilijadili suala hilo Jumapili ya Pasaka, pombe ya mbege ikizunguka. Mzee Kornel akatoa uamuzi: moyo utaazimwa, na watu wanane watasimama kuuzunguka wakiwa wamegeuza migongo. Mmoja akauliza kama aliyegeuza mgongo bado ni shahidi. Wakabishana nusu saa, wakakubaliana kwamba shahidi ana masikio.

Eliona akaweka kamera juu ya kreti. Ilikuwa ya mpwa wake Damian, anayepandisha wageni mlimani kupitia Marangu, naye alikuwa amemwonyesha jinsi inavyojipiga yenyewe baada ya sekunde kumi. Picha nne zilikwenda vizuri. Ya tano ilitaka vali ya kushoto, na hakuiona. Alifunua huku, akafunua kule, jasho likamtoka. Nyuma yake Mzee Kornel alisikia kisu kinatangatanga, akashindwa kuvumilia. Akageuka, akatumbukiza kidole.

"Hapa! Huu ndio mlango. Damu ikipita, unajifunga isirudi. Niliwahi kumpasua mbuzi ambaye mlango huu umelegea. Alikuwa hawezi kupanda hata tuta, anahema kama mimi."

Kamera ikalia.

Mwongozo ulisema picha zote zitumwe, hata zilizoharibika, na Eliona alikuwa mtu wa mwongozo. Alizituma zote nane. Siku ya tatu Kamati ya Uadilifu ya chuo ikamwandikia: picha ya tano ina mikono mitatu. Ajieleze ndani ya siku tano.

"Wape hadithi yoyote, mama," Yoramu alimshauri. "Waambie ni mkono wako."

"Wa tatu?"

Mzee Kornel aliposikia kwamba Eliona ameshtakiwa kwa ajili ya kidole chake yeye, alienda kwenye ua, akachuma jani la sale, lile ambalo Mchaga akiletewa hana budi kusamehe, hata kama ameuliwa ng'ombe.

"Wapelekee hili."

"Baba, jani haliendi kwa intaneti."

"Moyo ulikwendaje? Lipige picha."

Alilipiga picha, akaliambatisha na barua ya kweli tupu: kidole ni cha baba mkwe, sheria ya ukoo ni hivi na hivi, tunaomba radhi. Kamati ikajibu kwamba imeguswa na maelezo yake. Kwamba kiambatisho chenye picha ya mmea hakihusiani na shauri. Na kwamba anapewa nafasi moja ya kurudia, ndani ya siku saba, akiwa peke yake kabisa. Akishindwa, amefeli somo.

Mbuzi wa pili alikuwa beberu wa Mzee Kornel mwenyewe, na hakuwa na mwingine. Alimchinja Jumamosi, akagawa nyama kwa mpango wake wa kawaida, kisha akauweka moyo kwenye jani la mgomba mbele ya Eliona. "Twendeni barabarani," akawaambia wanaume.

Hakuna aliyetikisika. "Na sheria, mzee?"

"Sheria nilipewa na baba yangu. Nitamweleza mwenyewe nikimwona."

Wakatoka mmoja mmoja, yeye wa mwisho, akishika migomba njiani. Eliona akabaki uani na moyo na kamera. Hakuwahi kuona aibu kama ile. Alihisi kwamba amemfukuza mzee kwenye ua wake mwenyewe, na aliikata nyama ile akilia, akifuta machozi kwa bega ili mikono isitoke kwenye picha. Vali ya kushoto aliiona mara moja.

Alipompelekea moyo wake, mzee hakuupokea. Moyo uliokatwa bila shahidi, mkubwa wa ukoo hauli, alisema, bila hasira yoyote. Wakampa mbwa, ambaye hakuwa na sera.

Matokeo yalitoka mwisho wa Aprili: sabini na moja. Yoramu alimpigia makofi, na Eliona akapanda mlima huku mvua za masika zikimnyeshea, karatasi akiwa ameificha ndani ya gauni la bluu ambalo sasa lilikuwa lake. Hakupitia kwake. Alimkuta Mzee Kornel barazani, amekaa kwenye kigoda na buti zake.

"Nimefaulu, baba!"

"Ahsante Ruwa, Mungu wetu." Mzee akafumba macho, akayafumbua. "Muhula umekwisha?"

"Umekwisha."

"Kabisa? Hakuna ukurasa uliobaki?"

"Hakuna, baba."

"Haya." Akanyoosha mguu. "Nisaidie kuvua."

Buti halikutoka. Eliona alivuta kwa mikono miwili, akapiga goti, akavuta tena, na lilipotoka alishika mguu uliovimba, ngozi inang'aa. Akaubonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo. Alipoondoa kidole, shimo lilibaki pale pale, kama ilivyoandikwa kwenye sura ya tisa ya somo, ile ya moyo. Akaweka sikio kifuani pa mzee. Baada ya kila pigo alisikia damu ikirudi kwa mluzi mdogo, pale pale kidole cha mzee kilipokuwa kwenye picha ya tano.

"Hii ni tangu lini, baba?"

"Siku ile ya ukurasa wa ishirini na tatu," Mzee Kornel akasema. "Nilikuwa nimekuja kukuambia."