Samaki Niliyemkataa Biryogo

Kwetu, kwenye mlima ulio juu ya Gatsata, samaki hakuwa chakula. Harufu yake tu ilitosha kumfanya mama yangu avuke barabara. Mwanzoni mwa miaka ya themanini niliolewa Biryogo, mtaa wa Waswahili mjini, na fundi cherehani, Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani. Kusilimu kulinichukua wiki moja. Kula samaki kulinichukua mwaka mzima. Ndugu zangu walishanisusa kwa ndoa hiyo, kwa hiyo sinia la mama mkwe ndilo pekee lililonikaribisha. Ijumaa niliyomaliza kichwa cha sangara bila kufumba macho, aliwaambia majirani, "Huyu sasa iko mtoto yangu." Nilifurahi kama mjinga.

Kisha nikapata mimba. Kwenye zahanati, muuguzi mmoja aliyesomea Ubelgiji alituketisha kwenye benchi akatuonya: samaki mkubwa hula wadogo, na zebaki waliyokuwa nayo hukusanyika katika nyama yake, ikamdhuru mtoto tumboni, kwenye ubongo. "Hizi kubwa muache kwanza, mpaka muzae," alisema. "Indagara, hizi ndogondogo, hakuna shida."

Ijumaa iliyofuata mama mkwe alinisogezea kichwa cha sangara. Ningetaja sababu, mambo yangeisha. Lakini kwetu mimba haitajwi mbele ya mama mkwe. Yeye huiona, nawe hunyamaza. Nikasema tu, "Hapana, Mama. Sitaki samaki."

Mkono wake ulibaki juu ya sinia. "Kumbe umerudi kwenu," alisema taratibu.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Tangu siku hiyo aliniletea chakula changu mbali, maharage na ndizi, kwenye sahani yenye maua, ile ya wageni. Nilikula chumbani, nikisikia wanawake wa nyumba wakicheka uani. Nilikuwa mpweke kuliko mjane. Mume wangu, bingwa wa kupima mabega ya watu, hakuona kitu.

Waswahili husema mficha uchi hazai. Mimi nilificha, nikazaa binti mwenye akili ya wembe, na sahani ya wageni ikaendelea kuja. Niliona aibu kuomba kurudi. Miaka ikapita, nikazoea kujibu kwamba nimeshiba.

Nilimweleza mama mkwe alipokuwa mgonjwa, siku moja nikimnywesha uji. Nilimtajia muuguzi, zebaki, mimba, yote.

"Ni hiyo tu?" akasema. "Yewe mwanangu, si ungesema? Tungepika indagara, tukakula sote."

Nililia mpaka uji ukapoa. Nikaupasha upya, nikaendelea kumlisha kijiko kwa kijiko, maana wakati huo mkono wake ulikuwa hauwezi tena kufika kwenye sinia.