Kitovu Nilichokipeleka Fukayosi

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri. Najua mmezoea kulala chali na simu mkononi, mnaangalia nyumba za watu wa mbali na kusema laiti ningekuwa kule. Siwacheki. Kazi hiyo nimeifanya miaka hamsini na mitatu bila simu, mwili uko Bagamoyo na moyo uko Fukayosi. Nawaeleza safari yangu moja ya mwaka huu, ya kwenda na kurudi siku mbili tu, mjue nilichokwenda kufanya na kwa nini sikukifanya.

Mimi ni mzaliwa wa Fukayosi, mtoto wa shamba. Niliolewa Bagamoyo mjini, kwenye ukoo wa watu wa biashara na bahari, watu wa kusalimiana kwa maneno mengi. Walinipokea vizuri, sitawasingizia. Ila siku ya tatu wifi yangu mmoja aliniuliza mbele za watu kama kwetu bara tunajua kukuna nazi. Nikasema moyoni, hapa si kwetu. Baadaye nikalisema kwa mdomo, na sikuacha kulisema. Mwanangu wa kwanza alipozaliwa na kitovu kikaanguka, sikukubali kizikwe uani kwa baba yake kama ilivyo desturi. Nilikifunga kwenye pindo la kanga, nikakipeleka Fukayosi shambani kwa baba yangu, nikakizika na juu yake nikapanda mkorosho. Nikafanya hivyo kwa wote watano. Mume wangu, Mungu amrehemu, alinyamaza.

Mwaka huu mjukuu wangu Rukia, binti wa mwanangu Zena, amejifungua mtoto wa kike, jina lake Nuru. Siku ya sita kitovu kikaanguka. Rukia yumo ndani ya arobaini, akaniita chumbani kwake.

"Bibi, hiki naomba kizikwe hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

"Kwetu, Bibi. Baba alituacha tungali Tanga, mimi na mama, tukaja kwako. Mimi sina pengine, na mume wangu amepanga chumba tu. Mwanangu naye awe na pake."

Nikamwambia mtoto wa jana asinifundishe kwetu ni wapi. Akageukia ukutani akalia. Nikafunga kitovu kwenye pindo nikatoka.

Saa moja asubuhi nilivuka barabara kwenda dukani kununua sukari na majani ya chai, maana huwezi kwenda kwa watu mikono mitupu. Mwenye duka ni Mama Shirini, Mhindi wa hapa hapa, wazee wake wote wamezikwa Bagamoyo. Tunajuana tangu yeye ni bibi harusi na mimi ni bibi harusi. Akaona fundo kwenye pindo langu.

"Bi Tausi, unapeleka tena? Wewe wanao ni vifurushi, unawaandikia anwani ya mtu mwingine."

"Na wako? Wote wanne si wako Kanada?"

"Wako Kanada, ndiyo. Lakini kila wakipiga simu wanauliza kama mlango wa nyuma bado unakwama. Wako wakipiga wanauliza nini?"

Nikachukua sukari yangu nikaondoka. Wakipiga huuliza kama pesa zimefika.

Saa mbili nilipata nafasi mbele kwenye gari la mananasi lililokuwa linarudi tupu Kiwangwa. Dereva alikuwa kijana mwenye adabu, akazima redio yake nilipopanda. Tulipofika daraja la Ruvu, na mpunga umesimama kijani bondeni huku na huku, akaniuliza, "Bibi, ndiyo unakwenda kwenu?"

"Nakwenda kwetu."

"Na pale nilipokuchukua?"

"Pale nimekaa tu."

"Umekaa miaka mingapi?"

Nilipomtajia akapiga mluzi. "Hamsini na tatu! Bibi, hujakaa hapo, umeota mizizi."

Nikamwambia atazame barabara.

Fukayosi niliingia kabla ya adhuhuri. Mdogo wangu Shomari alikuja kunipokea kando ya lami, ameshika fimbo siku hizi. "Shikamoo dada." "Marahaba, hujambo? Watoto je?" Tukaulizana habari za wazima na za waliotangulia mpaka tukafika nyumbani. Binti yake Hadija alinitandikia mkeka, akanipa maji, akaniletea muhogo na chai. Yeye ndiye anayelima lile shamba tangu baba yake alipougua miguu. Nikawaambia nilichobeba. Shomari akafurahi sana. Akasema shimo litachimbwa leo leo, jua likipoa.

Baada ya swala ya alasiri tukaenda shambani. Nilikuwa sijafika pale miaka kumi na moja. Nimesema kwetu, kwetu, na miaka kumi na moja sijatia mguu. Hadija alitangulia na jembe, akapiga shina la kwanza kofi kama mtu anayepiga mgongo wa ng'ombe.

"Huyu Salumu. Msimu uliopita katupa debe tatu, hana maneno. Huyu Athumani ana mchwa, nampaka majivu. Zena huyu hapa, ametulia. Idi hazai, ni majani matupu, lakini kivuli chake kizuri."

Anaiita mikorosho kwa majina ya wanangu. Anawapalilia, anawapogoa, na katika watu hao wenye majina hakuna aliyewahi kuja kunywa maji kwake. Zena tu amemwona mara moja, msibani. Nikahesabu miti. Ilikuwa minne.

"Mwanahawa yuko wapi?"

Shomari akaanza kukohoa. Hadija akainamia jembe.

"Shangazi, Mwanahawa alikauka. Tukangoja masika mbili. Basi tukamkata."

"Mkamkata."

"Tukamchoma mkaa." Kicheko kikamtoka, akaziba mdomo kwa mtandio. "Nisamehe, shangazi. Tuliogopa kukwambia."

Mwanahawa mwenyewe ni mzima, yuko Mwanza, anauza vitambaa. Nikakaa chini pale pale. Salumu yuko Maskati, mwaka wa tisa hajarudi. Athumani yuko Dar es Salaam, mwendo wa asubuhi moja kutoka kwangu, na kila sikukuu huniambia hakupata nafasi. Idi sijui aliko, na kusema kweli tangu alipobalehe hata yeye mwenyewe hakuwahi kujua. Zena amerudi kwangu kwa kuwa aliachwa. Hao wote nimewalea nikiwaambia hapa tulipo si kwetu. Walinisikia. Mtoto husikia kila kitu.

Shomari alikuwa amekwisha chimba. "Dada, kitoe sasa, jua linazama."

Nikamuuliza Hadija, "Wewe unapataka hapa?"

"Pazuri, shangazi."

"Sikukuuliza kama pazuri."

Akamtazama baba yake, kisha akasema, "Ningepata chumba Tegeta, kule Dar es Salaam, hata cha kupanga na mwenzangu, ningeondoka kesho. Pale ningeuza chapati. Usiku nalala nawaza Tegeta tu."

"Na huyu wa sita nani atampalilia?"

"Ndilo nililotaka kukuuliza wewe."

Nikashika pindo langu. Lile fundo lilikuwa jepesi, hata harufu halina. "Fukia," nikamwambia Shomari.

"Nifukie shimo tupu?"

"Fukia."

Alifukia. Tulipofika nyumbani alisema tu kwamba kula ni lazima.

Asubuhi ya pili nilipanda basi dogo. Hadija alinifungia korosho kwenye mfuko, akaandika kwa kalamu: za Salumu. Njia ni ile ile, Ruvu ni ile ile.

Adhuhuri nilikuwa Bagamoyo, nikaingia uani kwangu. Ua wote ni saruji, ukuta hadi ukuta, hapana pa kuzika hata kokwa ya embe. Mimi ndiye niliyeamuru usakafiwe nilipotoka eda. Marehemu alikuwa akitaka kupanda mnazi pale, nami nikasema sipandi mti kwa watu.

Nilichojifunza ni kifupi. Watoto wangu sikuwapa Fukayosi, hawaijui. Niliwanyima Bagamoyo. Hilo silitengenezi tena kwa wale watano. Kuna Nuru.

Nikamwita Zena na mkwe wetu, mume wa Rukia, aliyekuwa amekuja kumwona mtoto. Nikawaambia hivi: "Leteni mtaimbo na nyundo. Mtapasua saruji hii, na mtapasua pakubwa, mnazi unataka nafasi. Mahali pa kuzika kitovu atachagua Rukia. Asitoke nje, afungue dirisha aonyeshe kwa kidole, na hapo atakapoonyesha hakuna wa kumbishia. Na kuanzia leo, atakayesema humu ndani kwamba hapa si kwetu, asipewe chakula siku hiyo, hata nikiwa mimi."