Maji ya Koti la Fundi

Majirani walimwita Bi Tambara, jina alilopewa na marehemu mumewe kwa utani. Kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa kuingia kwenye nyumba za watu mafundi wakishabomoa na kupiga msasa, wakaacha vumbi hadi ndani ya vijiko vya chai. Na usidhani ni kazi ya kupunga ufagio! Ukifagia pakavu mbele yake, utajuta. "Hujalitoa, umelihamisha tu," angekuambia. Yeye alianzia juu, kwenye feni, akashuka na kitambaa kibichi mpaka sakafuni, akalingoja vumbi la hewani litue, kisha akarudia. Hakuiita nyumba safi mpaka asuuze kitambaa na maji yabaki maangavu.

Hata mumewe alimpata vumbini. Alikuwa fundi wa lipu. Siku hiyo Bi Tambara, msichana bado, alikuwa amemaliza sebule nzima, inang'aa, ndipo fundi akarudi kulainisha kona aliyoisahau. Msasa mara mbili tu, chumba chote kikawa ukungu.

"We kaka, huna macho?"

"Ninayo, dada. Ndiyo yaliyonirudisha hapa."

Jamani, wanaume wana maneno! Alimrushia tambara la maji usoni, jamaa akacheka, na mwaka haukuisha wakaoana. Tangu hapo kila jioni mume alisimama mlangoni na koti lake la kazi, jeupe kuanzia kola hadi pindo, akingoja kukung'utwa. "Bi Tambara, mzigo wako umefika!" Naye alimfokea kila siku ya Mungu. Laiti angejua kwamba ipo siku angeitamani hata ile fujo.

Sasa mwaka wa sita mumewe hayupo. Koti lilibaki limetundikwa nyuma ya mlango wa chumbani, na vumbi la siku yake ya mwisho kazini likiwa bado mifukoni na kwenye mishono. Mwanamke aliyepangusa nusu ya mji hakuligusa hilo hata kwa ncha ya kidole. Mganga hajigangi. Akimkumbuka sana aliegemeza uso pale, akanusa saruji na chokaa, moyo ukatulia. Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi?

Basi mwaka huu binti yake akashika kazi nzuri, akasema lazima ukuta wa kati ya jiko na sebule uvunjwe, mama apate hewa. Fundi akaja na nyundo. Bi Tambara alifunika viti kwa mashuka, akaziba chini ya milango kwa matambara mabichi, lakini roho haikumtulia. Vumbi geni likiingia chumbani litakaa juu ya lile la mumewe, na hapo nani ataweza kuyatenganisha? Akalishusha koti taratibu, akalifunga ndani ya shuka, akaliweka bafuni, kwa kuwa mlango wake ndio pekee uliofungika sawasawa. Kisha akaenda kwa jirani kuazima ndoo, maongezi yakamchelewesha hadi alasiri.

Aliporudi, koti lilikuwa kwenye kamba, linachuruzika maji. Lilikuwa la buluu. Alikuwa amesahau kabisa kwamba lilikuwa la buluu.

"Mama, koti la baba nimelikuta bafuni," binti akasema, mikono imekunjamana kwa sabuni. "Lilijaa vumbi hilo! Nimesugua mpaka mishono, kama ulivyonifundisha."

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Bi Tambara alitaka kupiga yowe, lakini aliuona ule uso uliojaa fahari, akajizuia. Machozi ndiyo yaliyotoka. Binti akamtazama, akalitazama koti, akaelewa.

"Mungu wangu! Ulikuwa hutaki lifuliwe. Mama, nimefanya nini mimi?"

"Hukujua, mwanangu. Mimi ndiye sikusema." Akajifuta kwa upindo wa kanga. "Maji uliyofulia yako wapi?"

"Yale ya kwanza bado yamo kwenye beseni. Sijamwaga."

Bi Tambara akapiga magoti bafuni. Ndani ya beseni, chini kabisa, palikuwa na utando wa kijivu, laini, umeshaanza kutuama. Alikaa akiutazama, wala hakujua autie wapi.

Mara fundi akaita kutoka sebuleni. "Mama! Nimebakiza hapa kando tu, pa kupiga lipu. Naomba maji kidogo ya kukorogea."

Bi Tambara akayavuruga yale maji kwa mkono mpaka chini kusibaki kitu. Akalibeba beseni kwa mikono miwili, akampelekea.

Fundi akachungulia. "Machafu haya, mama. Yana vumbi."

"Ni vumbi la fundi mwenzako," akasema. "Koroga, baba. Usibakishe hata tone."