Kofia ya Siku Saba

Harufu ya wanga unaochemka hunirudisha Kibokoni, mtaa wetu wa Mombasa, kabla sijajua kwamba narudi. Juzi jirani alikuwa akipiga wanga kanzu za mumewe, mvuke ukaniingilia dirishani, na mara nikamwona mama ameketi mkekani, bafta nyeupe magotini, uzi wa hariri ameuuma kwa meno, akitoboa vijitundu vya kofia na kuvishona ukingo kimoja baada ya kingine. Kofia moja ilimchukua miezi miwili, wakati mwingine mitatu. Ikiisha aliichovya kwenye wanga, akaivika juu ya chungu kidogo kilichopinduliwa, ikauka imesimama wima kama mtu ajuaye heshima zake.

Mchoro wake ulijulikana. Mtu akipita Marikiti amevaa kofia ile, hata wauza nazi walisema, "Hiyo ya kwa Bi Esha." Baba alikwisha kufariki, na sisi watoto watatu tulikula, tukavaa na kusoma kwa vijitundu vile.

Sasa nawaambieni jambo ambalo hata wadogo zangu sijawaambia lote.

Bwana Sefu alikuwa na duka la nguo hatua chache kutoka kwetu. Siku moja alikuja kuazima kofia ya mama, ati mwanawe yuaoa. "Siku mbili tu, Bi Esha." Kwetu mtu akiomba kitu cha harusi hanyimwi, na mama akampa ile nzuri kuliko zote. Ilirudi baada ya miezi mitatu. Mama aliigeuza, akapitisha kidole kwenye pindo la ndani. Pindo lilikuwa limefumuliwa na kushonwa tena kwa cherehani.

Haukupita muda, maboksi yakashushwa dukani kwa Bwana Sefu. Kofia ziliteremka melini kwa maelfu, mchoro wa mama mtupu, zimetengenezwa kwa mashine katika nchi ambayo hakuna aliyewahi kumsikia mama. Bei yake haikufika hata bei ya uzi wetu. Wateja hawakugombana na sisi. Waliacha tu kuja. Mama aliendelea kushona kofia moja ambayo haikuwa na mwenyewe, na mwaka uliofuata kifua kikamshinda. Sisemi Bwana Sefu alimuua. Nasema mama alikufa akiuona mchoro wake kwenye vichwa vya watu wasiomjua.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilivua sare ya shule, nikaikunja, nikashika sindano.

Arubaini ya mama ilikuwa haijaisha Bwana Sefu alipokuja kutupa pole, na pole ilipokwisha akabaki ameketi. Mchoro wa kwanza, alisema, umeshazoeleka. Wateja wanataka mpya kwa ajili ya Idi.

"Mamako alikufundisha. Nishonee mmoja, nitakulipa. Usinune, mwanangu. Dunia siku hizi ni kijiji."

Nilijiuliza ni kijiji gani hicho ambacho mtu humwibia jirani kisha huja kunywa kahawa kwake. Lakini nilimjibu kwa adabu, "Haya, ami. Nipe muda."

Katika mitaa yetu kulikuwa na desturi ya wanawake. Mtoto wa kiume akishatahiriwa, siku ya kwanza kutoka nje huvishwa kofia yenye mchoro wake maalumu: vijitundu vitatu vitatu vinavyopanda kama ngazi kuzunguka kichwa. Huivaa siku saba, pamoja na kikoi kilicholegezwa kisiguse kidonda. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vyembamba, watu hupishana kwa mabega. Mwenye kofia ile hupishwa ukutani asije akagongwa, na hakuna mtoto anayemtania. Wanaume wote wa mtaa waliivaa zamani, lakini waliivaa kichwani, wasiione, na walipompisha mtoto hawakuchunguza vijitundu. Sisi ndio tuliokuwa tukiitazama.

Nikaanza kuishona, kwa kipimo cha kichwa cha mtu mzima.

Bi Rukia, ajuza wa mlango wa pili, alipita akachungulia. "Yuatahiriwa nani hapa?"

"Bwana Sefu," nikasema.

Akakaa chini kwa kicheko. "Ewe mtoto! Mbona kubwa hivyo?" Akafuta machozi kwa ncha ya leso. "Shona. Na ngazi zako zinyoshe vizuri, wasije wakasema hukufunzwa."

Nilizinyosha. Sijawahi kushona kofia kwa uangalifu kama ule, na kila kijitundu nilikitoboa nikimtaja Bwana Sefu kwa jina. Akaichukua, akaipeleka kiwandani kule kule, na kabla ya Idi maboksi yakashushwa tena dukani kwake.

Asubuhi ya Idi wanaume walirudi kutoka kuswali, kanzu zimenyooka, manukato yakiwatangulia, na vichwani ngazi zangu. Bwana Sefu alikuwa mbele. Bi Rukia alikuwa ameshakaa barazani akingoja.

"Pole, mwanangu Sefu! Kidonda kishakauka?"

Yeye akatabasamu, asielewe. "Kidonda gani, bibi?"

"Enda polepole, baba. Enyi watoto, mpisheni ami yenu, hajapoa huyu!"

Mlango wa kwanza ukacheka, wa pili ukacheka, na madirisha ya juu yakafunguka. Wanawake walijibana ukutani kwa heshima kubwa kuwapisha wanaume wenye ndevu. "Taratibu, Bwana Mkubwa! Kikoi kisikuguse!" Kabla ya adhuhuri hapakuwa na mwanamume mtaani aliyekuwa na kofia kichwani, zote zilikuwa mifukoni.

Jioni Bwana Sefu alisimama mlangoni kwetu. "Umeniadhiri."

"Nimekupa ulichoomba, ami."

Nililala nimeshiba siku ile, na haikuwa kwa pilau.

Hadithi hii ningependa iishie hapo. Lakini maboksi hayakutupwa baharini. Yalipakiwa malori, yakapelekwa bara na nchi za jirani, mahali ambapo ngazi ni ngazi tu. Huko ziliuzika kuliko zile za kwanza. Kiwanda kikaleta nyingine, za rangi kila namna, na baada ya miaka zikaturudia sisi wenyewe, zikatundikwa ufukweni, barabara ya Mama Ngina, kando ya mihogo ya kukaanga. Vijana walizivaa. Ajuza waliojua kucheka walikuwa wamekufa, Bi Rukia akiwa miongoni mwao.

Mwaka jana ndugu yangu, yule niliyemlea, alimtahiri mwanawe. Nikamshonea kofia ya siku saba. Siku ya kwanza tu kutoka nje, msukuma mkokoteni alimpiga kumbo mtoto pale kichochoroni, akaanguka akilia. Nilimfokea yule mtu: hukuiona kofia? Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Mama, si kila mtu anayo?" Akanionyesha kichwa chake.

Mwezi uliopita akaja afisa wa utamaduni, kijana mpole, na fomu zake. Serikali imeamka, alisema. Inataka kuandikisha michoro yetu watu wa nje wasiichukue. Yeye mwenyewe amevaa ngazi.

"Kwa mfano hii, kofia asilia ya Mombasa. Maana yake nini, mama?"

Nikamweleza, neno kwa neno. Aliandika mistari miwili, kalamu ikasimama, akaivua kofia taratibu akaiweka gotini. Nilicheka, msidhani sikucheka. Kisha nikamwambia mchoro wa kwanza auandike kwa jina la mama yangu, akauandika.

Wa pili hakuuliza umefikaje kiwandani, nami sikusema. Bwana Sefu sijamsamehe, na uso wake wa asubuhi ile ya Idi bado ni raha yangu. Ila mchoro wa mama ilibidi aje auazime kwa hila. Ule uliowalinda watoto wetu hakuwa hata akijua upo. Nilimpa mimi, kwa mkono wangu, na ngazi nimezinyosha vizuri.