Wimbo Uliokataa Kuduble

Mimi natengeneza muziki wa mashine hapa Baraka, Kongo, na niseme mapema kwamba sipendi mtu aniingilie kazini. Nina chumba kimoja nyuma ya nyumba yetu, ordinateri moja, yaani kompyuta, spika mbili, na kuta nilizozifunika kwa magodoro ya zamani ili sauti isirudirudi. Ngoma zangu zinachezwa kwenye harusi toka hapa mpaka Makobola. Lakini kazi iliyonitoa jasho kuliko zote niliifanya kwa ajili ya mwanamke mmoja ambaye hata hakuniomba.

Mwanamke huyo ni Mama Mukubwa, dada wa mama yangu. Alifundisha darasa la sita la shule ya primeri miaka mingi, na ukiona anavyokutazama utajua. Alipomzaa binti yake wa pekee, baada ya kungoja mpaka watu wakachoka kumwombea, alitunga wimbo wa Kibembe wa kushukuru. Kwaya ya kanisa ikauchukua, na mimi ndiye niliyekuja kuurekodi nilipokuwa naanza kazi: sauti yake peke yake, gitaa peke yake, besi peke yake, ngoma peke yake. Hakuna mama wa Baraka asiyeujua wimbo ule.

Basi, binti mwenyewe akapata mchumba wa kutoka Nundu. Akaja kwangu kabla ya harusi, akakaa kwenye kiti changu bila kukaribishwa.

"Kaka, mi nataka kuingia mu salle ya harusi na wimbo ya mama, na yeye mwenyewe aimbe. Lakini toka alipogonjwa koo hataki tena. Anasema atakaa kimya sawa mugeni."

Kisha akaanza kulia, na machozi ya dada yangu mimi siyawezi. Koo lilikuwa limepona, ila sauti ilishuka ikabaki chini, na Mama Mukubwa alikuwa anaona haya. Nikamwambia dada arudi nyumbani, aniachie.

Nikafanya remix. Niwaeleze wasiojua: remix ni kuuchukua wimbo wa mtu na kuujenga upya. Sauti ya mwimbaji inabaki, tena unaiweka mbele, lakini unabadilisha ngoma, unaongeza kinanda, unakimbiza mwendo, mpaka mwenyewe akisikia aulize kama ni wake. Siku nne nzima. Nilikata neno moja la Mama Mukubwa nikalirudisha mara nane mfululizo kabla ngoma haijaanguka. Nilicheza peke yangu mle chumbani, kweli kabisa.

Mama Mukubwa alisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya mapaja.

"Umenitwanga sawa majani ya sombe," akasema. "Na huyu anaimba humu, mi simujui tena. Hii sauti ilishaenda. Unataka batu basikie ile nilipoteza, kisha baniangalie?"

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Siku nne zangu, na shukrani ndiyo hiyo. Lakini alisema kweli, na hapo ndipo paliponiuma: nilikuwa nimemletea mpinzani, na mpinzani huyo alikuwa yeye mwenyewe wa zamani. Nikafunga ordinateri, nikaenda sokoni kununua ndagala, dagaa wetu wa ziwani.

Njiani kurudi ndipo nilipokumbuka dub. Dub haijengi upya, inapunguza. Unaondoa sauti ya mwimbaji, unaacha besi na ngoma vitawale, na hapa na pale unabakiza kipande kidogo cha sauti kikipotelea kwenye mwangwi, basi. Madijei wanaipenda kwa sababu ina nafasi, mtu anaweza kuweka lake juu yake. Nikageuka hapohapo na ndagala zangu mkononi, nikamkuta Mama Mukubwa anachambua maharage.

"Mama Mukubwa," nikasema kwa furaha, "wimbo yako tutaifanya dub."

Sasa, sisi huku tunasoma herufi kwa mdomo wa Kifaransa. Kwangu lilitoka dub, kwenye sikio lake likaingia duble. Na kuduble, kwa Mkongomani yeyote aliyewahi kukaa kwenye dawati, ni jambo moja tu: umefeli, unarudia darasa. Akaweka sahani chini.

"Wimbo yangu iduble? Ilifeli nini?"

"Si duble, Mama Mukubwa. Ni dub."

"Njo vile nimesikia, duble. Mi nilidublisha batoto mingi mu hii muji, lakini kila mumoja nilimuonyesha kosa yake. We unionyeshe kosa ya wimbo."

Nilijaribu kueleza, nikazidi kuharibu, kwa sababu nilisema itarudi bila sauti, naye akauliza tangu lini mtoto anarudishwa darasani bila mdomo. Nikafukuzwa. Dada yangu aliposikia habari hiyo alicheka mpaka akasahau kulia, kisha akakumbuka, akalia.

Niliifanya hata hivyo, kwa ubishi. Kwanza nikaushusha wimbo mzima ulingane na sauti yake ya sasa, ile ninayoisikia akiita kuku. Sauti ya zamani, ikishushwa hivyo, ilitoka kama ya mzee mlevi, kwa hiyo nikaiondoa yote. Karibu yote. Kabla ya kila ubeti alikuwa anavuta pumzi, pumzi ndefu ya mtu wa kwaya, na mashine ilikuwa imeinasa. Pumzi haina juu wala chini. Nikaiacha, nikaitia mwangwi kidogo, na mahali pa maneno nikapaacha wazi.

Siku ya harusi, saa nane mchana, salle ilijaa akina mama wa vikwembe vipya, vitenge vya kila rangi. Mama Mukubwa alikaa mstari wa kwanza, mdomo umefungwa. Mimi sikumwambia kitu. Maharusi wakasimama mlangoni, nikabonyeza. Besi ikaingia, ngoma ikafuata, akina mama wakaanza kutikisa mabega, maana waliutambua mara moja. Kisha ikasikika pumzi, halafu hakuna kitu. Besi tu. Dada yangu akasimama katikati ya njia. Mume akamvuta mkono, akakataa kusogea. Watu wakageuka kunitazama wakidhani mashine imekufa. Niliogopa, sifichi. Nikajiona nimemharibia dada yangu harusi mbele ya watu wote.

Ubeti wa pili. Pumzi ikaja tena, na nikaona kifua cha Mama Mukubwa kinapanda pamoja nayo, nadhani hata yeye hakukusudia. Na akishaivuta pumzi ile, ataipeleka wapi? Akaimba. Sauti nzito, ya chini, yenye mchanga kidogo, ikalala juu ya besi bila kutafuta nafasi. Akina mama wakamwitikia kabla hajamaliza mstari. Akainuka, akamwendea bintiye huku anaimba, akamshika mkono, akamwingiza mwenyewe, na bwana arusi akafuata nyuma kama mtu aliyesahauliwa. Mimi nililia waziwazi mbele ya mashine yangu. Kuna mtu mmoja alinicheka, na ninamkumbuka mpaka leo.

Dub ile ina dakika sita. Ilipoisha, Mama Mukubwa alinielekezea kidole niipige tena, nikaipiga. Mara ya tatu hakukuwa tena na mtu kwenye kiti. Mabibi walikuwa wanaruka pamoja na vijana, vilemba vinaanguka, na mchungaji naye alionekana anasogeza miguu huku anajifanya anatafuta mlango. Tulicheza mpaka wapishi wakaja kulalamika kwamba samaki, mikebuka ya ziwani, inapoa. Sijawahi kufurahi hivyo kazini.

Nilipokuwa nakunja nyaya, Mama Mukubwa alinifuata. Nilikuwa bado natafuta msamaha, nikamwambia sauti yake ya zamani ninayo nzima, sikufuta hata neno, siku akiitaka nitampa.

"Iweke," akasema. "Bajukuu bakiuliza, ubapatie." Kisha akajigusa koo. "Lakini leo mutoto wangu alisimama akingojea hii."